Mgongo ukiumia kazini: dai la fidia ya WIBA kuanzia siku ya kwanza

Kiroba cha chai ya mnada kina uzito wa zaidi ya kilo 60. Nilivibeba miaka tisa katika bohari moja la Shimanzi, hapa Mombasa, na siku niliyoumia nilikuwa nimekiinua kimoja nusu tu. Paleti ilikuwa imekaa vibaya, nikajipinda kushoto kiroba kisianguke, nikasikia kitu kimefyatuka kiunoni. Nikapiga magoti. Nyapara wetu, mzee ninayemheshimu hadi leo, akaniambia, "Mwanangu, nenda nyumbani ukakandwe, kesho kutwa utakuwa sawa." Nikaenda. Mke wangu akanikanda kwa maji moto na mafuta ya karafuu siku tatu. Siku ya nne mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi mpaka kidole gumba.

Siku tatu hizo zilinisumbua kuliko maumivu yenyewe. Hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema kwamba niliumia kazini, na nilipoanza kudai, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa: "Tutajuaje hukuumia nyumbani?" Mtu akikatwa kidole na mashine, kila mtu anaona. Mgongo hauonekani. Nje uko mzima, na unaweza kutembea asubuhi na kushindwa kuvaa viatu jioni. Kwa hiyo, ndugu yangu unayebeba mizigo, unayelaza wagonjwa vitandani au unayegeuza magodoro hotelini, ukiumia mgongo shika karatasi mapema.

Siku hiyohiyo, kabla hujatoka langoni, mwambie msimamizi na umwombe aandike kwenye daftari la ajali. Kama hakuna daftari, au hataki, tuma ujumbe wa simu. Usiandike insha. Mimi leo ningeandika hivi: "Leo saa nne asubuhi, bohari la pili, nimeumia kiuno nikiinua kiroba cha chai kwenye paleti. Fulani na fulani wameona. Naelekea hospitali." Ujumbe huo una saa, mahali, kazi uliyokuwa ukifanya na mashahidi. Usiufute, na upige picha skrini ya simu, maana simu hupotea.

Kisha nenda hospitali siku hiyo. Kukandwa kutafuata baadaye. Na hapa nasema kwa uzito: ukihisi ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, au miguu yote miwili ikalegea, usisubiri asubuhi. Neva za chini ya uti wa mgongo zinabanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama utatembea vizuri tena. Dai la fidia litasubiri, mwili hautasubiri.

Chumba cha daktari ndicho mahali ambapo watu wengi hupoteza dai lao bila kujua. Mimi niliingia nikasema, "Daktari, naumwa mgongo." Akaandika: maumivu ya mgongo. Karatasi hiyo haikunisaidia kitu, maana nusu ya watu wazima mjini wanaumwa mgongo. Niliporudi mara ya pili nilieleza vizuri: nilikuwa nafanya nini, uzito ulikuwa kiasi gani, nilijipinda upande gani, maumivu yanashuka wapi, nini sikuweza tena kufanya. Nikamwomba ayaandike kama nilivyoyasema, na akaandika bila shida yoyote. Kama uliwahi kuumwa mgongo zamani, mwambie pia. Ukificha na ikagundulika, hata lile la kweli halitaaminiwa. Ugonjwa wa zamani haukunyimi haki ikiwa kazi ndiyo iliyouzidisha, lakini daktari ndiye wa kueleza hilo kwa maandishi.

Jambo jingine ni vipimo. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi diski, yaani vile vipande laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Yangu ilirudi safi, na karani wa ofisini akanionyesha kwa furaha kana kwamba kesi imekwisha. Kipimo cha MRI ndicho kilichoonyesha diski imetokeza na kuugusa mshipa wa neva unaokwenda mguuni. Gharama za matibabu yanayohitajika ni za mwajiri kisheria, pamoja na dawa na nauli ya kwenda hospitali. Weka kila risiti.

Sasa sheria yenyewe. Kenya tuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile ambayo watu wote huiita WIBA. Inasimamiwa na idara ya usalama na afya kazini, DOSH, iliyo chini ya wizara ya leba na yenye ofisi katika kaunti. Kibarua wa kulipwa kwa siku naye ni mfanyakazi, hata kama hakuwahi kusaini mkataba. Kama huna barua ya ajira, jumbe za M-Pesa za malipo zitakusemea, na pia michango ya NSSF ikiwa ilikatwa. Mwajiri anatakiwa awe na bima ya kazi hii. Kama hana, deni linabaki kuwa lake.

Mwajiri ana siku saba za kuripoti ajali kwa DOSH tangu ajue. Hutumia fomu inayoitwa WIBA 1, ambayo upande mmoja hujazwa naye na upande mwingine na daktari. Usikae nyumbani ukiamini imepelekwa. Omba nakala. Mimi niliambiwa kwa wiki sita kwamba "iko njiani". Nikaenda mwenyewe ofisi ya DOSH na jumbe zangu na karatasi za hospitali, na afisa pale akampigia simu mwajiri nikiwa nimesimama mbele yake. Fomu ikapatikana kesho yake. Dai lenyewe lina miezi 12 tangu siku ya ajali, na mwaka wa mgonjwa hupita haraka kuliko unavyodhani.

Ukiwa huwezi kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, unastahili malipo ya muda sawa na mapato yako, hadi miezi 12. Pesa hizo si msaada, na si mkopo wa kukatwa ukirudi. Mimi mwezi wa kwanza nililetewa "kitu kidogo" kwenye bahasha pamoja na karatasi ya kusaini kwamba sitadai zaidi. Sikusaini, na nashukuru. Sheria inasema makubaliano ya kuacha haki zako za WIBA ni batili, lakini karatasi iliyosainiwa itakuletea mabishano ya miezi mitatu. Ukipewa karatasi, sema unakwenda kuisoma nyumbani.

Jihadhari pia na wale wanaozunguka mahospitalini wakisema, "Njoo tumshtaki tajiri wako, utapata milioni." Sheria hii inafunga njia ya kumshtaki mwajiri mahakamani moja kwa moja kwa jeraha la kazini, na Mahakama ya Juu iliithibitisha tarehe 3 Desemba 2019. Njia inaanzia DOSH. Wakili mzuri atakuambia hivyo bila kuulizwa.

Jeraha likishatulia, daktari hukadiria ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Hapo ndipo hesabu inapofanyika: mapato ya mwezi, mara 96, mara asilimia hiyo. Mimi nilipewa asilimia 12. Chukua daftari uandike, maana hapa ndipo nilipokuta kosa. Mwajiri alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba mapato yangu ni shilingi 14,500, yaani mshahara wa zamani kabla hatujaongezwa. Kwa 14,500 fidia ilikuwa 167,040. Kwa 20,000 niliyokuwa nikipokea kweli, ilikuwa 230,400. Tofauti ni shilingi 63,360, karo ya mwanangu, kwa sababu ya mstari mmoja ambao ningeweza kuukagua mapema kama ningesoma nakala ya fomu.

Ukitofautiana na uamuzi, una siku 60 za kuandika pingamizi kwa Mkurugenzi wa DOSH. Naye ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi, na bado usiporidhika unaweza kukata rufaa mahakama ya ajira na leba ndani ya siku 30. Pingamizi langu lilikuwa ukurasa mmoja. Nilitaja namba ya dai, nikaeleza mstari upi una kosa, nikaambatanisha taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, malipo ya mshahara yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Sikulalamika juu ya nyapara wala karani, ingawa moyo ulitaka. Nilipeleka nakala mbili, moja wakabaki nayo, nyingine ikagongwa muhuri wa siku hiyo nikaondoka nayo.

Hesabu ikarekebishwa. Dai likishawasilishwa, mwajiri au kampuni yake ya bima ana siku 90 za kulipa, na pesa hupitia DOSH kabla ya kukufikia. Siku ya themanini na tatu nilipigiwa simu nipeleke kitambulisho na namba ya akaunti.