Old Moshi mpaka Marangu kwa baiskeli: hesabu makorongo, siyo kilomita

Ukisimama Kiboriloni asubuhi mapema kabla mawingu hayajakaa, ukaangalia juu, mlima Kilimanjaro unaonekana kama mteremko mmoja tu unaopanda taratibu mpaka kwenye theluji. Usiuamini. Huku kwetu ardhi imekatwa kama vidole vya mkono, migongo imeshuka kutoka msituni mpaka chini kwenye lami na katikati ya kila mgongo na mgongo kuna korongo lenye mto. Ukipanda au kushuka kwa kufuata mgongo mmoja barabara ni nzuri kabisa, lakini ukitaka kukatiza kutoka Old Moshi uende Kirua, Kilema, mpaka Marangu, basi kila mara unashuka mpaka mtoni alafu unapanda tena upande wa pili, na kule kupanda ndo kunamaliza watu.

Kwahiyo cha kwanza, achana na hesabu za kilomita. Mtu aliyezoea lami ya Moshi-Arusha anaona kwenye simu umbali ni mdogo anasema kwa masaa mawili nimemaliza, saa nane mchana unamkuta amekaa Kirua anatetemeka kwa njaa. Mi nahesabu makorongo: korongo kubwa nalipa nusu saa, dogo dakika kumi na tano, alafu najumlisha muda wa kusimama na kusalimia watu maana huku huwezi kupita tu kama upepo. Mjini tuko kwenye mita 800 na kitu, lango la Marangu liko karibu mita 1,900, ila kwa kushuka na kupanda makorongo jumla unayopanda kwa siku inazidi sana tofauti ya hizo namba mbili. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Msimu. Juni mpaka Oktoba ndo wakati wenyewe, na Januari-Februari pia. Masika, yaani Machi mpaka Mei, nakuomba kabisa usiende. Udongo wetu ni ule mwekundu wa volkano, ukikauka unakuwa mgumu safi kama sakafu na vumbi juu kidogo, ukilowa unakuwa sabuni, alafu unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mwaka mmoja niliingia Aprili, sikufika hata Kirua, niliibeba baiskeli begani kwenye mgomba wa watu mpaka nikapata bodaboda ya kunishusha, na cheni ile sikuitumia tena. Juni na Julai nako asubuhi kuna ukungu na baridi kweli, beba jaketi jepesi, kwenye kupanda utalivua ila kwenye kushuka utalishukuru.

Baiskeli yenyewe si lazima iwe ya bei mbaya. Baiskeli za graveli, yaani za barabara za kokoto, zenye usukani uliopinda kushuka chini zinafaa, ila hata ile ya mtumba ya milimani, ikiwa na fremu nzima na gia zinazoingia, inatosha kabisa na wakati mwingine ni bora. Cha msingi ni vitu vitatu. Gia nyepesi, yaani mbele meno 32 au chini ya hapo na nyuma uwe na gia kubwa ya meno 40 na kitu, bila hivyo utasukuma kwa miguu. Tairi pana, milimita 40 hadi 45, na usikubali fundi akujazie upepo mpaka tairi liwe jiwe, mafundi wetu wanapenda sana hivyo, kwa mtu wa kilo 70 psi 35 hadi 40 zinatosha ukiwa na tyubu, tairi ikilainika kidogo inashika kokoto badala ya kurukaruka. Na breki. Breki za diski ukiweza, na pedi mpya kabla ya safari, maana kushuka kwa korongo moja tu kunakula pedi kuliko wiki nzima ya mjini. Ukishuka bana-achia, bana-achia, usibane moja kwa moja mpaka chini, breki ikipata moto inapoteza nguvu kabisa, na huku mwisho wa mteremko mara nyingi ni kona na daraja jembamba.

Pancha lazima upate. Vijijini mafundi wapo na ni wazuri, ila pampu zao ni za valvu nene, kama tairi zako zina valvu nyembamba zile za baiskeli za kisasa hawataweza kukujazia, beba adapta ndogo, ni ya bei ndogo sana na itakuokoa. Beba pia tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu yako na kiungo cha cheni.

Sasa njia. Kutoka Kiboriloni unapanda Old Moshi. Ni kupanda tu, migomba kushoto na kulia, chini yake kahawa, usikimbilie hapa maana siku bado ndefu. Simama Tsudunyi. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, yeye na viongozi wenzake 18, kwenye mti, baada ya kuwa aliwapiga kweli mwaka 1892 na wao wakarudi na jeshi kubwa mwaka uliofuata. Kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani na ukoo wake umekuwa ukikitafuta miaka yote hii. Egesha baiskeli, vua helmeti, tafuta mtu wa pale akueleze mwenyewe, mpe muda wako na kitu kidogo cha shukrani. Mi kila nikipita hapo nasimama, hata nikiwa nimechelewa. Juu kidogo ni Kidia, walipokaa wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, kuna kanisa, na ni pahali pazuri pa kunywa maji kabla ya kuanza makorongo.

Kutoka hapo kwenda Kirua Vunjo na Kilema ndo ramani ya simu inaanza kukudanganya. Njia inayoonekana barabara inaweza kuwa kijia cha kwenda kuchota maji, na ile isiyokuwepo kabisa kwenye ramani ndo bodaboda wanapita kila siku. Uliza. Ila uliza vizuri: usiseme "njia ya Kilema ni hii?" maana mtu kwa adabu atakuitikia ndiyo, sema "nataka kufika Kilema, nipite wapi?" Na kabla ya kuuliza chochote, salamu. Shikamoo mzee, shikamoo mama, ndo uendelee. Upande wa Marangu ukisalimia kwa Kichaga "shimboni" uso wa bibi unafunguka, na ukisaidiwa sema "aika", yaani asante.

Hapa kuna jambo nalisisitiza sana. Utakuta kijia kizuri kinafuata mfereji wa maji, mfongo tunavyoita, kinazunguka korongo karibu bila kupanda wala kushuka, na utatamani sana kukipita. Usipande baiskeli hapo. Ile kingo ni udongo uliolainika, tairi likiikata maji yanamwagika, na yale maji yana zamu, kuna mtu anayasubiri shambani kwake. Mifongo hii wazee waliichimba hata kabla ya Mjerumani kufika. Shuka, tembea, sukuma. Vilevile ukiona mstari wa masale umepandwa, huo ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na sale kwa Mchaga ni jani la kuombea msamaha, si kichaka cha kupenyeza baiskeli. Ndani ya kihamba ndimo walimozikwa babu zao, kwahiyo usikatize wala usipige picha bila kuomba.

Kilema ni ya kukaa kidogo. Mmisionari Mjerumani Rebmann alipokelewa hapa na Mangi Masaki mwaka 1848, mwaka huohuo aliosema ameona theluji na wakubwa wa Ulaya wakambishia. Misheni ya Wakatoliki hapa ni ya miaka ya 1890, na kahawa ya mlima huu inasimuliwa kuanzia hapohapo kwa mapadre, ikaja kuzaa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mwaka 1933. Kula hapa: mtori, au ndizi za kuchoma na parachichi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, utakaribishwa, na kukataa moja kwa moja si vizuri, onja, shukuru, useme bado una mteremko mbele. Nyingine utakunywa ukishafika. Maji ya mfongo usinywe hata kama yanaonekana meupe, nunua dukani, na uwe na noti ndogondogo maana mtandao kwenye makorongo unapotea.

Kama miguu imeisha ukiwa Kirua au Kilema, hilo halina shida yoyote. Kila mgongo una barabara ya kushuka mpaka lami ya Himo, unateremka tu. Ukiwa na nguvu malizia makorongo ya mwisho mpaka Marangu Mtoni, maporomoko ya Kinukamori yako karibu, na upande wa Marangu na Mamba kuna mapango ambayo Wachaga walichimba kujificha wakati wa vita na Wamasai, ingia ukiwa na mwenyeji. Msitu wa hifadhi usiingie bila kibali.

Kurudi, usipige pedeli kwenye lami ya Himo-Moshi jioni. Mabasi ya Dar yanapita kasi na pembeni hakuna nafasi. Teremka mpaka Himo kukiwa bado mwanga, kama kilomita 13, alafu ongea na konda wa Noah au Hiace, mlipie baiskeli siti yake, toa gurudumu la mbele, na uifunge mwenyewe kwa kamba yako, usimwachie afunge yeye.