Pima damu kwanza, ndipo uanze kutembea

Nina miaka 68, na mazoezi niliyaanza kinyumenyume: nilitembea mwezi mzima ndipo nikakumbuka kupima. Sikuwa na namba za kulinganisha. Wewe anzia maabara. Omba sukari ya miezi mitatu (HbA1c), mafuta ya damu na kreatinini (kipimo cha figo), kisha majibu yaandike kwenye daftari.

Halafu tembea dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani. Siku 2 ziwe za nguvu: mimi hukaa kitini na kuinuka mara 10, napumzika, narudia. Rika langu hulikwepa hili, nalo ndilo lenye tija, kwani msuli unaofanya kazi huvuta sukari kwenye damu hata bila kuingoja insulini. Nafuu hiyo hufifia baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo sikai bila mazoezi siku mbili mfululizo. Dakika 10 za kutembea baada ya kula nazo huiwahi sukari ikiwa bado inapanda.

Kama unatumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, ongea na daktari kwanza, na upime sukari kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (yaani 70 kwa mg/dL), usitoke.

Usirudi maabara wiki ya tatu. HbA1c hupima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi karibu siku 120, hivyo HbA1c haina haraka. Subiri miezi mitatu. Upande wa mafuta ya damu, kwangu triglisaraidi zilishuka, HDL (kolesteroli nzuri) ikapanda kidogo. LDL (kolesteroli mbaya) haikutikisika, na dawa yake bado nameza.

Sasa kosa langu kubwa. Siku moja kabla ya kipimo niliongeza uzito wa kunyanyua. AST, kimeng'enya kinachopimwa kuangalia ini, ikaja juu, nikakesha nikililia ini langu. Kumbe kimeng'enya hicho kimo hata kwenye misuli! Nilipumzika wiki moja, nikarudia, kikawa kimeshuka. Tangu hapo, wiki ya kupima natembea polepole tu, nakunywa maji ya kutosha maana ukikaukiwa kreatinini hupanda, na anayenitoa damu namwambia mapema kwamba nanyanyua vyuma. Mara ya kwanza alicheka.