Mali kwa mali bila kuumizana: jinsi wafanyabiashara wadogo wa Mwanza wanavyoweza kubadilishana bidhaa na kazi

Fundi wa kuchomelea pale Nyakato ana vijana wawili. Na yeye wa tatu, kila mchana wanakula. Jirani yake mama ntilie ana majiko yaliyokatika miguu na benchi linaloyumba. Fedha taslimu imebana pande zote mbili, lakini kila mmoja ana kitu mwenzake anachokihitaji. Hapo kubadilishana kunafaa. Wengi wanaojaribu huishia kununiana kwa sababu walirukia makubaliano kabla ya kujiuliza swali moja: katika hiki ninachokitoa, shilingi ngapi zinatoka mfukoni mwangu?

Tupige hesabu. Tuseme kazi ya fundi, kwa bei anayomtoza mteja yeyote, ni sh. 90,000. Ndani yake kuna vyuma, vijiti vya kuchomelea na diski ya kukatia, jumla sh. 42,000. Zinazobaki, sh. 48,000, ni ufundi na muda wake, pamoja na umeme kidogo. Sahani ya ugali na sato mama anaiuza sh. 3,000, na unga, samaki, mafuta na mkaa vinamla sh. 1,900.

Wakibadilishana kazi nzima kwa sahani 30, fundi anabaki na deni la vyuma la sh. 42,000 ambalo muuza vyuma hatalipokea kwa ugali, na mama anatoa sh. 57,000 sokoni. Mkataba wa namna hiyo hufa wiki ya pili. Njia iliyo sawa ni kugawa kazi vipande viwili. Vyuma mama avinunue mwenyewe dukani kwa fedha, achukue na risiti. Ufundi wa sh. 48,000 ndio ubadilishwe, yaani sahani 16: watu watatu kwa siku tano, na sahani moja ya ziada. Sahani hizo zinamtoa mama sh. 30,400, tena kidogo kidogo. Jumla ametumia sh. 72,400 badala ya 90,000. Fundi naye ameokoa sh. 48,000 za chakula ambazo angezitoa tu.

Kanuni inayotoka hapo inafaa kwa karibu biashara zote: kinachonunuliwa kwa fedha kilipwe kwa fedha, kinachobadilishwa kiwe muda, ufundi au mzigo uliokaa. Bodaboda abadilishe safari zake, petroli ilipwe taslimu. Fundi cherehani abadilishe ushonaji, kitambaa mteja aje nacho. Na bei iwe ile ya kila siku kwa pande zote mbili. Ukimpandishia mwenzako kwa sababu halipi noti, na yeye atapandisha, halafu hakuna tena anayejua nani anamdai nani.

Saa nazo ziandikwe. Kiti cha kinyozi Jumanne asubuhi kiko wazi, lakini Jumamosi jioni kila kichwa cha kubadilishana kinamfukuza mteja mwenye fedha. Bodaboda hupumua kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Sema wazi: “Jirani, huduma ni Jumatatu hadi Alhamisi, kabla ya saa 10 jioni.” Bila sentensi hiyo mwenzako atakuja saa ya foleni, na hutakuwa na haki ya kumlaumu.

Dagaa wanahitaji uangalifu wa peke yake, maana hapa ziwani ndiyo bidhaa inayobadilishwa sana na inayoleta ugomvi mwingi. Huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi mingi inapumzika, mzigo unapungua kwenye soko la Mwaloni Kirumba na bei inapanda. Ukikubaliana leo “kilo 10 za dagaa kwa sare tatu za shule” na dagaa waletwe baada ya wiki mbili, mmoja ataumia. Andikeni deni kwa shilingi, kisha siku ya kukabidhiana mtumie bei ya jumla ya Mwaloni ya asubuhi hiyo. Njia hii haimwachi yeyote acheze kamari na mwezi.

Ukiletewa gunia, usiangalie mdomoni. Ingiza mkono hadi chini, toa kiganja kimoja. Dagaa mkavu akikunjwa anakatika. Mwenye unyevu anapinda, na uzito unaolipia ni maji. Wasugue viganjani: waliokaushwa chini wanaacha mchanga, wa kwenye chanja hawaachi. Wakiwa wa njano na wananuka mafuta yaliyochacha, au walinyeshewa kabla hawajakauka, hao ni wa chakula cha kuku, na bei yake ni nyingine kabisa. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, kagua kila gunia bila aibu. Pima kwa mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Sado, yaani kopo la kupimia, iliyobonyezwa kitako inakula gramu zako kila inapochotwa.

Kwa samaki wakubwa, usipokee sangara wa chini ya sentimita 50 wala sato wa chini ya 25. Kuwa nao ni kosa, na wakikamatwa mikononi mwako deni linakuwa halijalipwa na mali imekwenda.

Daftari liwe moja kwa kila jirani unayebadilishana naye, lenye nakala mbili. Safu tano zinatosha: tarehe, kilichotolewa, thamani, salio, sahihi za wote wawili. Kwa mfano wetu, siku ya kwanza inasomeka “sahani 3, sh. 9,000, salio sh. 39,000.” Vijana wakichukua na soda, soda iandikwe, maana mama ameinunua kwa fedha. Weka kikomo cha salio. Kwa biashara za mtaani sh. 50,000 zinatosha, na kila mwisho wa mwezi anayedaiwa amalizie kwa pesa ya simu. Deni likivuka hapo, umeshaanza kukopesha.

Mara nyingi unayemhitaji hahitaji kitu chako. Fundi hataki dagaa, ila kinyozi wake anataka. Watu watatu wanaweza kuzunguka: muuza dagaa ampe kinyozi, kinyozi awanyoe fundi na vijana wake, fundi amtengenezee muuza dagaa chanja. Wote waandike thamani ileile, na mmoja ashike daftari. Zaidi ya watatu hatupendekezi. Mmoja akikwama, mnyororo wote unasimama.

Kuhusu kodi, mauzo ni mauzo hata kama noti haikuonekana. Zile sahani 16 ni mauzo ya sh. 48,000 kwa mama, na ufundi ni mauzo ya sh. 48,000 kwa fundi. Mwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, atoe risiti kwa thamani hiyo. Kwa kuwa mama alinunua vyuma mwenyewe, haviingii kwenye mauzo ya fundi.

Mkiamua kuacha, hesabuni salio siku hiyohiyo, anayedaiwa alipe, muandike “salio 0”, wote wawili muweke sahihi chini yake, na kila mmoja aondoke na nakala yake.