Somo: Kufundisha upimaji wa programu kwa hitilafu za kupandikiza

Walimu wenzangu wa Arusha na Moshi, katika somo hili tunapandikiza makosa kwa makusudi ndani ya programu, kisha tunaona kama majaribio ya wanafunzi yatayanasa. Linatosha kipindi kimoja cha maabara cha muda wa saa 2. Mnahitaji lugha ya Python, pytest (zana ya kuendesha majaribio) na programu fupi moja. Msianze na orodha ya aina za upimaji. Anayekariri majina kabla hajaona jaribio likifeli atafaulu mtihani, lakini majaribio yake hayatanasa kitu.

Hatua ya 1. Wape kanuni, msiwape msimbo. Mfano, bili ya maji: uniti 5 za kwanza shilingi 1,000 kila moja, zinazozidi hapo 1,500. Uniti ni namba kamili. Hasi ikataliwe kwa ValueError, yaani kosa la Python la thamani isiyofaa. Majibu yanayotarajiwa yaandikwe kwenye karatasi kwanza. Hapa msiwe na haraka. Aliyeona msimbo mapema hunakili kile unachotoa, hata kikiwa kosa, na kukihesabu kuwa jibu sahihi.

Hatua ya 2. Vikundi vya watu 3 viandike majaribio. Wengi watachagua 3, 10 na -1. Waacheni.

Hatua ya 3. Endesheni majaribio hayo kwenye programu iliyo sahihi. Linalofeli hapa liondolewe, la sivyo mjanja ataandika jaribio linalofeli daima na kuvuna alama zote.

Hatua ya 4. Sasa pandikizeni hitilafu, moja kwa kila nakala. Anzeni na hii: sharti "uniti <= 5" liwe "uniti <= 6", mengine yabaki. Majaribio ya 3, 10 na -1 yanapitia kila mstari, kipimo cha mistari iliyoendeshwa kinaonyesha asilimia 100, na hitilafu inapita salama! Uniti 10 bado ni 12,500. Uniti 6 peke yake ndiyo inayoifichua, kwa kutoa 6,000 badala ya 6,500. Fundisheni thamani za mpakani papo hapo, darasa likiwa bado linashangaa: -1, 0, 5, 6.

Alama zifuate hitilafu zilizonaswa, si asilimia ya mistari.

Tahadhari: msibadilishe "<=" kuwa "<" katika mfano huu. Kwa uniti 5 njia zote mbili za hesabu (ya bei moja na ya bei mbili) zinatoa 5,000, kwa hiyo hakuna jaribio litakaloinasa, na mtawanyima wanafunzi alama bila haki.

MASWALI YA WALIMU

Swali (Moshi): Mwalimu, intaneti ya maabara yetu inakatika. Pytest tutaiwekaje?

Jibu: Mahali penye intaneti, tumia pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python): "pip download pytest", weka vifurushi kwenye flashi, kisha kila kompyuta "pip install --no-index --find-links" ikifuatwa na folda na neno pytest. Pakua kwenye kompyuta yenye mfumo na toleo la Python sawa na za maabara; pytest kwenye Windows inadai kifurushi cha ziada.

Swali (Arusha): Jaribio la hasi linapita hata programu ikiwa mbovu. Kwa nini?

Jibu: Angalia kama wameweka miito kadhaa ya programu ndani ya pytest.raises moja (amri inayothibitisha kwamba kosa limetolewa). Mwito wa kwanza ukitoa kosa, inayofuata haiendeshwi kabisa. Mwito mmoja kwa kila raises.

Swali (Moshi): Hitilafu ngapi, na tuzuieje kuigana?

Jibu: 6 hadi 8 zinatosha, zipandikizwe kwa mkono. Kila kikundi kipewe mpaka na bei zake: hiki uniti 5, kile 8. Kisha mwite mmoja aeleze kwa mdomo kwa nini alichagua namba ile.