Somo: Jinsi ya kujua kama gemu ya mtandaoni inamfaa mtu mwenye nusu saa tu

Wapendwa, mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti: "Dada, MMORPG gani inamfaa mtu mwenye kazi na familia?" Badala ya kutaja jina na kuondoka, naandika namna ninavyozipima mwenyewe. Kwa wageni, MMORPG ni gemu za mtandaoni za kuigiza mhusika: unaunda mtu wako, unamkuza leveli kwa leveli, na mko maelfu ndani ya dunia moja inayoendelea hata wewe ukilala.

Wengi huuliza gemu inataka saa ngapi kwa siku. Mimi nimeacha kuuliza hivyo. Naangalia mambo mawili: nikilazimika kuinuka ghafla napoteza nini, na nikikaa wiki mbili bila kuingia nitakuta nini. Gemu ya kuchezwa miaka mitano inaweza kumfaa kabisa mama mwenye mtoto mdogo, na gemu ya dakika kumi ikamtesa, kwa sababu dakika hizo kumi inazidai kila siku ya Mungu.

Mfano wangu mkuu ni Old School RuneScape, ya kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ilifunguliwa mwaka 2013 kutokana na nakala ya RuneScape iliyohifadhiwa tangu 2007, na kuanzia 2018 inachezwa kwenye simu kwa akaunti ile ile ya kompyuta. Ndiyo ninayoijua zaidi, na mbele nitaiita RuneScape tu. Nyingine nitazigusa kwa kulinganisha.

Hatua ya 1: Pima muda usiokatizwa

Chukua daftari, wiki moja tu, uandike kila ulipopata nafasi na nafasi hiyo ilidumu dakika ngapi. Usijumlishe. Tafuta kipande kirefu kuliko vyote.

Mimi nina duka la vifaa vya shule. Nikijumlisha napata kama saa nane kwa wiki, na ukisikia saa nane utasema huyu ana nafasi. Lakini kipande changu kirefu ni dakika ishirini na tano, tangu mtoto asinzie mpaka na mimi nisinzie. Zilizobaki ni tatu tatu, nne nne: anaingia mteja wa madaftari kumi na mbili, namtolea, nafunga kava, nahesabu chenji, ndipo narudi kwenye simu. Hizo ishirini na tano ndizo ninazokwenda nazo sokoni kuchagua gemu.

Hatua ya 2: Jaribio la kuinuka ghafla

Hapa ndipo penye uzito, na nimejifunza kwa machungu. Kuna gemu niliyoipenda sana, siitaji. Tulikuwa watano ndani ya pango tunapigana na bosi, yaani adui mkubwa wa pango, mimi ndiye mponyaji. Mtoto akaamka analia, nikamgusa, anachemka. Nikaweka simu chini bila kuandika neno. Niliporudi baada ya dakika arobaini nilikuta wote wamekufa, nimetolewa kwenye kikosi, na matusi yamejaa. Niliumia. Lakini nilipotulia nikaona kwamba wale wanne nao walikuwa wametenga usiku wao, na mimi niliingia kazi ambayo hali yangu hainiruhusu. Gemu ile imejengwa hivyo: mtu mmoja akiondoka, wanne wanaanguka.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukiwa katikati ya kazi yoyote ndani ya gemu, tega saa ya simu, na ikilia, weka simu chini hapo hapo. Usimalizie. Rudi baada ya dakika kumi uone hasara.

Kwenye Old School RuneScape, jaribu kwanza kwenye miti ya mierebi ya kijiji cha Draynor. Ukifika leveli ya 30 ya kukata miti, unausogelea mti pale kando ya maji, unaugonga kwa kidole mara moja, na mhusika anaanza kukata mwenyewe. Gogo linaingia mfukoni, halafu jingine. Mfuko una nafasi 28. Ukijaa, benki iko hatua chache upande wa kaskazini. Mteja akiingia dukani unaiacha tu: aidha utakuta bado anakata, aidha amesimama, aidha umetolewa nje na magogo yako yote yako mfukoni. Hasara ni sifuri.

Kisha jaribu vitani, maana sura inabadilika. Huwezi kutoka kwenye gemu mpaka zipite sekunde 10 tangu mapigano yaishe, na intaneti ikikatika mhusika hubaki uwanjani kwa muda akipigwa. Ukifa, vitu vyako hukaa kaburini dakika 15, na baada ya hapo unavikomboa kwa ada ofisini kwa mhusika wa gemu aitwaye Mauti. Inauma lakini inavumilika. Pasipovumilika ni Wilderness, eneo la kaskazini ambako wachezaji wenzako wanaruhusiwa kukuua na kuchukua mali. Mtu wa dakika ishirini na tano asiingie huko na kitu anachokipenda.

Linganisha na Albion Online, MMORPG nyingine. Inafaa simu, imetengenezwa vizuri, lakini kwenye maeneo mekundu na meusi ukifa unapoteza ulichovaa na ulichobeba. Mlango ukigongwa ukiwa huko, umeshaingia hasara. Ukibaki maeneo ya bluu unaweza kulima na kuchimba kwa amani, ila ujue utamu mkubwa wa gemu ile uko kule kwingine.

Hatua ya 3: Utakuta nini ukirudi?

Soma maelezo ya gemu ukitafuta chochote kinachooza, kinachobomolewa au kinachojaa na kumwagika.

Final Fantasy XIV ina nyumba nzuri ajabu. Usipoingia nyumbani kwako siku 45, inabomolewa. Mimi singeinunua hata ningekuwa na fedha yake. Albion yenye uanachama wa kulipia inakupa nguvu ya kazi 10,000 kwa siku, ghala lake likiishia 30,000: siku ya nne usipoingia, unayopata inapotea. World of Warcraft inafanya kinyume: ukilala kwenye nyumba ya wageni, mhusika anakusanya mapumziko, na ukirudi pointi za kuua maadui zinaongezeka haraka kwa muda. Huo ni wema kwa mtu wa nafasi chache.

Anayewashinda wote kwenye hatua hii ni Guild Wars 2. Ilitoka Agosti 2012 na leveli ya mwisho ilikuwa 80. Mpaka leo ni 80. Silaha bora uliyoihangaikia miaka iliyopita bado ni bora, na ada ya kila mwezi haipo. Kasoro yake kwetu ni kwamba ni ya kompyuta, tena faili lake ni zito. Ukiwa na bando dogo, usianze.

RuneScape nayo haikuadhibu. Ujuzi haushuki. Kwa wanaolipia uanachama kuna kilimo: unapanda mimea ya dawa, inakua kwa dakika 80 hata ukiwa nje ya gemu, na ikishakomaa inakusubiri. Napanda asubuhi kabla ya kufungua duka, navuna usiku. Mara nyingine navuna baada ya siku tatu.

Hatua ya 4: Tazama urefu wa safari

Kwenye RuneScape, kufikisha ujuzi mmoja leveli ya mwisho, 99, kunahitaji pointi 13,034,431. Na leveli ya 92, ambayo kwa jicho inaonekana umekaribia kufika, ndiyo nusu ya njia. Rudia sentensi hiyo. Kama furaha yako ni kufika mwisho, gemu hii itakuvunja moyo, na hakuna aibu kuiacha mapema.

Kama unafurahia njia, jiwekee kituo cha karibu. Anza na mpishi wa kasri la Lumbridge: anataka yai, maziwa na unga kwa ajili ya keki ya bwana wake. Ngano unaichuma shambani mwenyewe, unapanda nayo juu ya kinu, unaisaga, unashuka kuzoa unga. Ni dakika ishirini hivi kwa mgeni, na nakumbuka nilivyofurahi kama nimepika kweli. Baadaye kusanya pointi 32 za misheni upate ruhusa ya kwenda kupigana na joka Elvarg. Vyote hivyo ni bure.

Hatua ya 5: Intaneti yetu na saa zetu

RuneScape inahesabu matukio kwa hatua za sekunde 0.6. Hapa nilipo, mawasiliano na seva za Ulaya huchukua milisekunde 150 hadi 200, kwa hiyo ucheleweshaji wetu mara nyingi unamezwa ndani ya hatua hiyo. Gemu za kukwepa makonde papo kwa papo hazina huruma hiyo. Unapochagua dunia ya kuingia, yaani seva, tafuta ya Uingereza au Ujerumani. Za Marekani ziko mbali zaidi. Albion nayo ina seva ya Ulaya tangu 2024, usijisajili kwingine kwa bahati mbaya.

Angalia pia siku mpya ya gemu inaanza saa ngapi kwetu. Guild Wars 2 inaanza siku saa tisa usiku, Final Fantasy XIV saa kumi na mbili jioni. Joka Tequatl la Guild Wars 2 hutokea kwa ratiba, na nyakati mbili zinatufaa Afrika Mashariki: saa moja jioni na saa nne usiku. Mimi saa nne ndiyo yangu.

Bando lipime mwenyewe: cheza saa moja kamili, kisha fungua matumizi ya data kwenye mipangilio ya simu usome gemu imekula kiasi gani.

Hatua ya 6: Usilipe kabla ya siku 14

RuneScape bure ina ujuzi 15 na dunia ya kutosha miezi. Final Fantasy XIV inakuruhusu kucheza bure mpaka leveli 70 bila kikomo cha muda. Ukiona baada ya wiki mbili bado unaikumbuka ukiwa kazini, lipia mwezi mmoja, na zima malipo ya kujirudia siku hiyo hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo dada. Mimi sipendi kuchangamana na watu mtandaoni. Naweza kucheza peke yangu?

Marahaba mdogo wangu. Unaweza. World of Warcraft tangu 2024 inakuruhusu kuingia mapangoni na wenzako wanaoendeshwa na kompyuta, na Final Fantasy XIV ina utaratibu kama huo kwa mapango ya hadithi kuu, ingawa baadhi ya mabosi wake bado wanataka watu wanane wa kweli. RuneScape, misheni karibu zote ni za mtu mmoja. Ila usichague hali ya Ironman mwanzoni, ambayo huruhusiwi kuuziana na mtu. Utaona inakufaa kwa upweke wako, lakini kila kitu utakitafuta mwenyewe na muda utakuwa mara kadhaa.

Swali: Rafiki zangu wana miaka sita kwenye Guild Wars 2. Nikianza leo nitakuwa mzigo?

Hapana. Gemu hiyo inamshusha mwenye leveli kubwa alingane na eneo alilopo, kwa hiyo wakija kwenye ramani yako ya leveli 15 mnapigana pamoja na wote mnapata faida. Waambie waje kwako. Wakikuvuta wewe uende kwao ndipo utachoka.

Swali: Mkuu, jana sokoni kwenye RuneScape mtu ameniambia nimpe sarafu elfu kumi anirudishie elfu ishirini, na kweli akarudisha. Sasa anasema nimpe zote. Nimpe?

Usimpe! Usimpe hata moja. Ile elfu ishirini ndiyo chambo. Ukimpa zote anapotea. Kuna na tapeli mwenzake anayejitolea kukupambia vazi lako la vita kwa nakshi ya dhahabu. Hakuna mchezaji mwenye uwezo huo, ukimkabidhi vazi limekwenda. Na anayekualika Wilderness kuchukua vitu vya bure anakupeleka kwa wenzake wanaokusubiri. Hizo elfu kumi za faida, kanunue samaki wa kula vitani.

Swali: Mimi ni muuguzi, zamu zinabadilika. Wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Kila kikosi ninachojiunga nafukuzwa kwa kutohudhuria.

Pole sana, na hongera kwa kazi. Usitafute kikosi chenye ratiba, kwa sababu hata wakiwa watu wema utaishi ukiomba radhi. Tafuta kazi za kundi zisizo na orodha ya majina. Kwa Tequatl unafika tu, mnakuwa kundi kubwa, mnapigana, kila mtu anakwenda zake bila kuulizwa jana ulikuwa wapi. Ukiwa zamu ya usiku, saa nne utamkosa, lakini ana zamu nyingine saa nne asubuhi na saa nane na nusu mchana. Kabla ya kuingia, andika kwa kikosi sentensi moja: "Mimi ni wa zamu, nikipotea niko wodini." Mimi sasa naandika ya kwangu, kwamba nina mtoto, na tangu nianze sijatukanwa.

Swali: Dada, na kama hatua zote sita imefaulu lakini bado sijisikii kuifungua?

Ifute kwenye simu, nafasi ipate picha za watoto. Akaunti itabaki na ujuzi wako utaukuta.