Kitu cha Kuuza Ukikitaka Mwenyewe, Kinunue Kwanza

Ukifungua robota la mitumba katika soko la Kongowea, Mombasa, zinazotia tamaa ni kamera, zile nguo safi za mwanzo ambazo wachuuzi hugombea hata kabla hujazitundika. Kujiwekea moja si kosa. Kosa ni kuondoka nayo bila kuilipia, maana kamera ndizo zinazorudisha pesa ya robota. Fagia inayobaki mwisho huenda hata nauli isitoe.

Tuseme robota la mashati la kilo 45 limekugharimu shilingi 18,000 na mkokoteni 500. Umehesabu mashati 180, lakini 30 yana madoa au yamechanika. Gawanya 18,500 kwa 150, wala si kwa 180: kila shati zima limekusimamia kama shilingi 123. Wengi huishia hapo, wakatia 123 kwenye pesa za biashara na kubeba shati. Hapo ndipo mtaji unapovuja. Shati hilo lingeuzwa 500, na faida yake ndiyo ingefidia yale utakayoyamwaga kwa 50. Bei ya haki kwako ni ile ambayo mchuuzi mwenzako angekupa papo hapo akichagua kamera, tuseme 350. Iandike daftarini kama mauzo, mnunuzi ukiwa wewe, na ulipe kabla ya kuchukua robota jingine. Ukiona uzito kutoa 350, litundike liuzwe.

Kabla ya kulipa, likague kama mteja msumbufu. Lebo ikiwa imekatwa, vuta uzi kwenye mshono wa ndani uuchome: pamba na kitani hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda kuwa tone gumu. Kwa joto la Mombasa, kitani na pamba nyepesi ndizo za kuweka. Inua shati juani utazame makwapa na mabega. Mwanga ukipenya kwa vidoa vidoa, kitambaa kimechoka na hakuna fundi wa kukiokoa. Kola iliyolika kwenye mkunjo ni jambo jingine. Fundi huifumua, akaigeuza upande wa ndani ukawa wa nje, akaishona tena mahali pake.

Harufu ya robota hutoka ukiloweka nguo kwa nusu saa katika ndoo ya lita 10 yenye kikombe kimoja cha siki, kisha ukafua kwa sabuni. Usichanganye siki na Jik au dawa yoyote ya klorini. Hutoa gesi ya sumu. Kama unafulia maji ya kisima yenye chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo kitambaa hukauka kikiwa kigumu.

Mikoba ya ngozi bandia usijiwekee, hata iwe mizuri namna gani. Joto na unyevu wa pwani huvunja poliurethani, plastiki inayotengenezea mingi ya mikoba hiyo, ngozi ikaanza kubanduka magamba. Soli za povu la poliurethani kwenye raba zina ugonjwa uo huo, na kutozivaa hakuziokoi: raba iliyokaa miaka kabatini yaweza kumeguka siku ya kwanza kukanyagiwa. Bonyeza soli kwa ukucha. Ikibaki kishimo au ikitoa unga, usiiweke na usimuuzie mtu kama nzima.

Ngozi halisi inafaa kuwekwa, ila inataka uangalizi, hasa masika. Ikiota ukungu, ifute nje ya nyumba kwa kitambaa kilicholowa kidogo siki na maji nusu kwa nusu, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ianike kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huikakamaza na kuipasua. Ikikauka kabisa ndipo uipake dawa ya viatu isiyo na rangi, kiasi kidogo tu. Mafuta mengi hulisha ukungu. Ihifadhi katika mfuko wa kitambaa cha pamba, kamwe si wa plastiki, na itoe ipigwe na upepo kila baada ya wiki mbili.