Rangi au blaki en waiti: picha ya mtu uitoe vipi

Mwaka juzi nilimpiga bibi harusi picha za mnato, kapambwa hina na piko mpaka karibu na viwiko, mpambaji kakesha, alafu mimi kwa ujanja wangu zile za mikono nikazitoa zote blaki en waiti nikijua hapa nimefanya kazi ya kisanii. Jioni simu ikaita. "Kaka, mbona hina yangu imekuwa kama masizi ya sufuria?" Sikuwa na la kujibu maana nilipoiangalia tena nikaona kweli, piko nyeusi na hina nyekundu zimekuwa kitu kimoja, yale maua yaliyotofautishwa kwa rangi hata huyaoni. Nikazirudia zote bure.

Toka hapo kabla sijagusa picha najiuliza, rangi humu ndani ina kazi gani? Kama mtu kaja kupigwa kwa sababu ya rangi, yaani hina, sare za kitenge, kanga mpya, gauni la send-off, basi iache hapo hapo, usijitie usanii. Lakini kama rangi ipo ipo tu, au inagombana na uso, ndo uanze kufikiria kuitoa. Finya macho uiangalie picha kama sekunde tatu hivi, jicho lako linakimbilia wapi kwanza? Niliwahi kumpiga mzee mmoja fundi baiskeli, uso umejaa mikunjo mizuri sana, ila nyuma yake kulikuwa na ndoo ya bluu ile ya kung'aa, kila aliyeiona picha anaanza na ndoo. Nilivyotoa rangi ndoo ikanyamaza, mzee akabaki. (Ningeisogeza ndoo tu siku ile mambo yangekuwa rahisi zaidi, ila ndo hivyo nilikuwa nimeshaondoka.)

Sababu nyingine halali ni mwanga uliochanganyika. Umempiga mtu sebuleni, shavu moja lina mwanga wa dirishani una ubluu, shavu la pili lina taa ya tyubu inayotoa ukijani, ukirekebisha huku kule kunaharibika, hapo utatumia saa nzima bure wakati blaki en waiti inamaliza kazi dakika mbili. Za ukumbini zenye taa za zambarau ndo usiseme. Ila tusidanganyane, watu wengi wanakimbilia blaki en waiti kuficha picha mbovu, na picha iliyotikisika ukiitoa rangi inabaki imetikisika vile vile.

Haya, tuje kwenye kupiga. Kama kamera yako ina RAW, yaani faili ghafi linalotunza kila kitu kamera ilichokiona, piga RAW alafu weka muonekano wa monokromu kwenye menyu, skrini itakuonyesha blaki en waiti ila faili bado lina rangi zote. Ukipiga JPEG peke yake, lile faili la picha la kawaida, kwa mpangilio huo rangi ndo imeenda hiyo, hairudi. Kwa simu usijisumbue, piga kwa rangi utoe baadaye.

Na angalia mwanga unatokea wapi. Kwenye rangi unaweza kuponea gauni zuri hata kama mwanga umelala, lakini ukitoa rangi kinachobaki ni mwanga na kivuli tu, kama vivuli havipo uso unakuwa kama uji. Muweke mtu karibu na dirisha au mlango, mwanga umpige kwa ubavuni, upande mmoja wa pua uwe na kivuli kidogo. Kama unataka kujifunza kwa macho tafuta picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, mtu kavaa nguo ya maua na nyuma kuna kitambaa cha maua na bado uso unauona kwanza. Au zile za zamani za Capital Art Studio ya Mji Mkongwe Zanzibar, iliyoanza 1930.

Sasa kwenye kuediti, hapa ndo wengi wanaharibu. Usishushe rangi mpaka sifuri ukasema umemaliza, kwa sababu kanga yenye nyekundu na kijani inaweza kutoka kijivu kimoja na maua yote yakapotea. Kwenye Lightroom, programu ya kuediti picha, bonyeza B&W, utaona slaida nane, vile vitufe vya kuvuta kushoto na kulia, kila rangi na yake, na hapo unaamua mwenyewe nyekundu iwe nyeupe kiasi gani na kijani kiwe cheusi kiasi gani. Snapseed, programu ya simu ya bure, ina filta za rangi kwenye kile kipengele cha blaki en waiti, hazina uhuru huo ila zinasaidia.

Ngozi zetu, ziwe nyeusi au maji ya kunde, ziko zaidi kwenye slaida ya chungwa na nyekundu. Ukipandisha chungwa kidogo kidogo uso unapata mwanga na madoa ya chunusi yanafifia, ndo maana filta nyekundu inapendwa kwa kinadada. Ila ukizidisha mtu anakuwa kama kajipaka unga, na lipstiki nyekundu inapotea kabisa, midomo inabaki mieupe kama ya mgonjwa. Ukishusha chungwa, ngozi inakuwa nzito, mikunjo na vinyweleo vinatoka, safi kwa wazee na wavuvi, kwa bibi harusi utatafutwa. Mimi huwa napandisha chungwa mpaka nione mng'ao wa paji la uso na mfupa wa shavu, alafu narudi nyuma kidogo. Na rangi ya mtu muachie mtu, usimgeuze mweupe kwa kisingizio cha kontrasti.

Slaida ya bluu ukiivuta sana, hasa kwenye picha ya usiku, chenga zinajaa, iguse kwa adabu.

Ukishindwa kuamua, toa zote mbili, ziweke pembeni kwa pembeni, nenda kanywe chai urudi. Mteja muonyeshe ya rangi kwanza, ukianza na blaki en waiti wengine wanadhani kamera yako mbovu.

Kusafisha picha sasa, yaani kuzitoa kwenye karatasi. Labu nyingi zinatumia karatasi ile ile ya picha za rangi, kwa hiyo blaki en waiti yako inaweza kurudi na ukijani au uzambarau kwa mbali. Safisha moja ndogo ya 4x6 kwanza, toka nayo nje uiangalie kwenye mwanga wa jua, ikiwa na rangi rangi warudishie hapo hapo kabla hujalipia ile kubwa ya ukutani.